Tarehe 2 ya Mwezi wa Saba: Poda, Nyimbo na Buletini

Kila mwaka, siku mbili baada ya sikukuu ya Uhuru, viwanja vya shule za msingi nchini Kongo hufurika watu. Tarehe 30 ya mwezi wa sita ni siku ya taifa, kumbukumbu ya uhuru uliopatikana mwaka 1960. Tarehe 2 ya mwezi wa saba ni siku ya nyumba. Ndiyo siku ambayo, kwa desturi ya kalenda ya shule, mwaka wa masomo ulioanza mwezi wa tisa hufungwa, na watoto wa darasa la kwanza hadi la sita husikia mbele ya watu kama wamepita au wameanguka. Wenyeji wa Lubumbashi, Bukavu, Kalemie na Kindu huiita siku hiyo kwa jina walilolirithi kutoka Kifaransa, proklamasio, ambalo maana yake ni kutangaza tu. Desturi yenyewe ililetwa na shule za wakati wa Wabelgiji, na ndiyo maana jirani zao wa Burundi na Rwanda nao wanaifahamu.

Nyumbani maandalizi huanza mapema. Sare, shati jeupe na sketi au suruali ya buluu, hufuliwa na kupigwa pasi ya makaa. Wasichana husukwa nywele siku iliyotangulia, na mahali ambapo kuna ndugu watatu wa kusukwa, kazi hiyo huendelea mpaka taa iwashwe. Mama mwenye nyumba hukadiria fedha alizo nazo: je, zitatosha kununua kuku, au watu watakula bukari kwa sombe na samaki kama siku zote, ila samaki awe mkubwa kidogo? Na katika mkoba wake, chini ya leso, huweka kopo la poda. Mama mwenye busara hulificha kopo hilo vizuri, kwa sababu matokeo bado hayajulikani, na hakuna aibu inayochoma kama ile ya kurudi nyumbani na poda ambayo haikufunguliwa.

Asubuhi uwanja hufagiliwa na bendera hupandishwa. Katika shule zinazoongozwa na makanisa, ambazo ni nyingi kwa sababu ya mapatano ambayo serikali ilitia sahihi mwaka 1977 pamoja na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, mara nyingi siku huanza kwa misa au sala ya kushukuru. Kisha huja nyimbo. Darasa la kwanza huimba huku wakitazamana ili kukumbuka maneno. Darasa la tatu hucheza ngoma. Mtoto mmoja wa darasa la tano hupanda juu ya kiti na kusoma shairi la Kifaransa bila kuvuta pumzi, na watu humpigia makofi kwa ajili ya mapafu yake. Mchezo mfupi wa kuigiza haukosekani, na karibu kila mara humo hutokea baba mlevi na mtoto mvivu. Mkurugenzi wa shule hutoa hotuba. Mwakilishi wa kamati ya wazazi hutoa hotuba. Jua hupanda, watoto wachanga hulia, na yafaa kusema wazi kwamba hotuba hizo zingeweza kukatwa nusu bila mtu kupoteza kitu, kwa maana hakuna anayezisikiliza. Kila jicho linatazama makaratasi yaliyo mkononi mwa walimu.

Kusomwa kwa majina

Mwalimu wa darasa husimama na kusoma majina kwa mpangilio wa alama. Wa kwanza huitwa mbele na kutajiwa asilimia yake. Wa pili na wa tatu humfuata, na pale ambapo shule au kamati ya wazazi imejaliwa, hao watatu hupewa madaftari, kalamu, pengine kitabu. Kisha majina huendelea kushuka: sabini na moja, sitini na nane, sitini na mbili. Kila jina huitikiwa na kelele kutoka pembe moja ya uwanja. Shangazi hutimua mbio akiwa ameshika kitenge chake kwa mkono mmoja na kopo kwa mkono wa pili, na mara kichwa cha mtoto, uso, shingo na ukosi wa lile shati lililofuliwa jana huwa vyeupe pepepe.

Mgeni huuliza poda hiyo ina maana gani. Vijana watamjibu kwamba ni furaha tu, na jibu hilo linatosha. Lakini wazee wa Kiluba wanakumbuka pemba, ule udongo mweupe ambao tangu zamani mtu hupakwa anapopata heri au baraka, na rangi nyeupe imebaki na maana hiyo hata baada ya udongo kuacha nafasi yake kwa makopo ya dukani. Mchana wa tarehe 2 barabara nzima huonekana kama watu wametoka kinuni. Dereva wa basi hucheka, mpita njia asiyejua jina la mtoto humpongeza, na kwa saa chache mtoto wa miaka minane hutembea mjini kama mtu mkubwa.

Majina hayo, hata hivyo, yana mwisho. Ili apite, mwanafunzi yampasa apate angalau nusu ya alama zote, yaani asilimia 50. Katika shule nyingi mwalimu husoma majina ya waliofika nusu, kisha hufunga karatasi. Waliobaki hawatajwi. Mtoto aliyesimama mstarini akihesabu majina ya wenzake hujua habari yake kwa njia hiyo: mwalimu amenyamaza, na yeye hajaitwa. Shule nyingine huwasoma hata hao, wa mwisho akiwa wa mwisho kweli, na kuna wazazi wanaodai kwamba aibu humfunza mtoto. Walimu waliofundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi hawasemi hivyo. Wao wameona kwamba mtoto wa miaka sita hajui asilimia ni nini. Anachokielewa ni kwamba wenzake wamekuwa weupe na yeye amebaki na rangi yake, na kwamba mama yake, aliyekuja amevaa kitenge kipya, sasa anatazama chini.

Wakati huo ndipo kazi ya mzazi inapoanza, na wengi huikimbia. Baadhi huondoka kimya kimya na kumwacha mtoto arudi peke yake. Wengine humwahidi fimbo mbele ya jirani, ili jirani wajue kwamba kosa si la nyumba hiyo. Mtoto aliyepita ana watu kumi wa kumsindikiza. Aliyeanguka ndiye anayehitaji hata mmoja wa kumshika mkono mpaka nyumbani. Na akifika, apewe chakula kama wenzake. Mazungumzo juu ya masomo yasubiri kesho, kwa sababu kesho ndipo karatasi inapoweza kusomwa kwa utulivu.

Namba moja, habari mbili

Karatasi hiyo ni buletini. Ajabu ya siku hii ni kwamba umati mzima hupiga kelele kwa ajili ya namba moja iliyo chini ya karatasi, na karatasi yenyewe, ambayo mwalimu ametumia usiku kadhaa kuijaza, hukunjwa mara nne na kutiwa chini ya godoro. Wazazi wengine huogopa kuifungua kwa kuwa imeandikwa Kifaransa. Lakini sehemu kubwa ya buletini ni hesabu, na hesabu haina lugha. Mama auzaye unga sokoni na kukumbuka madeni ya wateja thelathini bila kuandika anaweza kuisoma vizuri kabisa akielezwa mara moja.

Mwaka wa shule ya msingi una mihula mitatu. Kila muhula una vipindi viwili vya kazi za kawaida, ambazo mwalimu huzitolea alama siku hata siku, na mwishoni huja mtihani. Kwa kila somo, alama za mtihani huwa mara mbili ya alama za kipindi kimoja. Somo ambalo kipindi chake kina alama 20 litakuwa na 20 za kipindi cha kwanza, 20 za kipindi cha pili na 40 za mtihani: jumla 80. Maana yake ni kwamba asubuhi chache za mtihani zina uzito sawa na miezi yote ya kazi iliyotangulia.

Chukua, kwa mfano, watoto wawili wanaokaa benchi moja. Wa kwanza amepata 15 katika kipindi cha kwanza na 14 katika cha pili, lakini katika mtihani amepata 16 tu juu ya 40. Jumla yake ni 45 juu ya 80. Wa pili amepata 8, kisha 9, na katika mtihani 28. Jumla yake pia ni 45 juu ya 80. Wote wawili wana asilimia 56 na robo. Kama masomo yao yote yangekwenda hivyo, uwanjani wangesomwa pamoja, wangepigiwa kelele ile ile na kumwagiwa poda ile ile.

Lakini ni watoto wawili tofauti kabisa. Yule wa kwanza anajua somo lake, naye amefanya kazi vizuri mwaka mzima. Siku ya mtihani kuna kitu kilimpata. Huenda aliugua malaria wiki hiyo. Huenda nyumbani hakukuwa na taa, au alipelekwa kuteka maji alfajiri akafika darasani amechelewa na mikono inatetemeka. Huenda ni mwoga wa mtihani tu, na hilo nalo lina dawa yake. Yule wa pili hakufuata kazi za kila siku, kisha akajikaza mwishoni, au aliketi karibu na mwenzake mwenye maandishi makubwa. Wa kwanza anahitaji usingizi, afya na utulivu; wa pili anahitaji mtu wa kutazama madaftari yake kila Jumamosi. Mzazi anayejua asilimia 56 peke yake hawezi kumsaidia hata mmoja wao.

Wazazi huulizana pia, "Wako amekuwa wa ngapi?" Nafasi darasani huandikwa pamoja na idadi ya wanafunzi, na ni namba ya kusomwa kwa hadhari. Mtoto aliyekuwa wa tano mwaka jana akawa wa kumi na mbili mwaka huu si lazima awe amerudi nyuma. Pengine darasa limepokea wanafunzi wapya wenye nguvu, na alama zake mwenyewe zimepanda. Afadhali kulinganisha buletini ya mwaka huu na buletini yake ya mwaka jana kuliko kuilinganisha na ya mtoto wa jirani. Na pale wino mwekundu unapoonekana, kwa kuwa walimu wengi huutumia kwa alama zisizofika nusu, mzazi ahesabu ni masomo mangapi. Mtoto aliyeanguka mwaka mzima kwa sababu ya masomo mawili tu hana shida moja na yule ambaye karatasi yake yote ni nyekundu.

Chini kabisa kuna sehemu mbili ambazo hakuna anayezipigia makofi: bidii na mwenendo. Hapo mwalimu hatoi asilimia. Huandika neno au herufi. Mtoto mwenye alama ndogo na bidii njema ni mtoto anayepambana, na kumpiga ni kumwadhibu kwa kupambana kwake. Mtoto mwenye alama kubwa na mwenendo mbaya anaijua shule kuliko nyumbani wanavyomjua. Mwalimu aliyeandika neno hilo ana mengi zaidi ya kusema, na hupenda kuulizwa. Swali la "Mwalimu, kwa nini umemwangusha mtoto wangu?" humfanya ajitetee. Swali la "Mwalimu, nieleze, huyu mtoto alianza kupotea wapi?" humfanya avute kiti. Yafaa mzazi amwendee siku ile ile au siku ya pili yake, kwa sababu likizo ikianza walimu wengi huenda vijijini kwao, na mwezi wa tisa mtoto atakuwa mikononi mwa mwalimu mwingine.

Habari ya fedha

Kwa miaka mingi kulikuwa na watoto waliopita lakini hawakupewa karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu iliposhindikana kulipwa ipasavyo, wazazi ndio walioanza kuchanga fedha ili shule zisifungwe. Mchango huo, ulioitwa primi, ulianza kama jambo la dharura ukabaki kama sheria. Mtoto ambaye wazazi wake walikuwa na deni aliweza kusikia jina lake likitajwa, akamwagiwa poda, kisha akaambiwa kwamba buletini yake itabaki ofisini mpaka deni liishe. Familia nyingi zinakumbuka jinsi mwezi wa saba ulivyokuwa mwezi wa kukopa. Mwalimu naye alikuwa na watoto wake wa kusomesha, na ugomvi kati ya watu wawili maskini ni mgumu kuamua.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Ilichukua miaka kumi na mitatu mpaka tamko hilo lianze kutekelezwa kwa jumla, mwezi wa tisa mwaka 2019. Watoto waliokuwa wakikaa nyumbani walikuja kwa wingi, na madarasa mengi yakajaa kupita kiasi, jambo ambalo linaonekana hata siku ya matokeo: orodha ni ndefu, jua ni kali, na mwalimu hupoteza sauti kabla ya kufika katikati. Mwalimu mwenye umati kama huo hawezi kumjua kila mtoto kama alivyowajua wa zamani. Hiyo ni sababu nyingine ya mzazi kuisoma karatasi mwenyewe badala ya kungoja kuitwa shuleni. Katika shule za watu binafsi malipo yangaliko, na kisa cha buletini iliyozuiwa bado husikika.

Hata pale ambapo shule ya msingi ni bure, daftari, sare na viatu si bure. Hapo ndipo mtoto wa kike aliyeanguka anapokuwa katika hatari kubwa kuliko kaka yake. Jioni ya tarehe 2, wakubwa wanapokaa kupanga mwaka ujao, mara nyingi kijana aliyeanguka huambiwa arudie darasa, na msichana aliyeanguka huambiwa apumzike kidogo amsaidie mama sokoni. Kupumzika huko ndiko kunakofunga shule yake. Hakuna anayesema kwamba ameachishwa. Hupita mwaka mmoja tu, kisha wa pili, na sare yake hupewa mdogo wake. Kama kuna mama, shangazi au dada mkubwa anayetaka kumtetea, jioni hiyo ndiyo ya kusema, buletini ikiwa mkononi. Aonyeshe bidii aliyoandikiwa na mwalimu. Ahesabu masomo yaliyomwangusha. Na kama msichana alikosa siku nyingi kwa sababu ya kulea mdogo wake au kuuza ndizi, hilo nalo lisemwe wazi mbele ya baba, kwa maana alama hizo zilipotea kwa kazi ya nyumba nzima.

Kurudia darasa kwenyewe si msiba. Ni mwaka mmoja. Kinachomvunja mtoto ni kurudia bila chochote kubadilika: kazi zile zile za alfajiri, giza lile lile la jioni, na jina jipya la mjinga aliloongezewa na binamu zake wakati wa likizo. Wengine humpeleka kwa bibi kijijini, na huo ni uamuzi mzuri mara nyingi, ilimradi asipelekwe kama mtu aliyefukuzwa.

Kuitunza karatasi

Darasa la sita lina habari yake peke yake, kwa kuwa lina mtihani wa taifa ambao kwa muda mrefu ulijulikana kwa jina la TENAFEP, na matokeo yake hutoka kwa njia yake. Tangu sheria ya elimu ya mwaka 2014, elimu ya msingi imehesabiwa kuwa miaka minane, yaani mtoto akimaliza la sita amebakiwa na la saba na la nane. Wazazi wanaochukua darasa la sita kuwa mwisho wa safari wajue hivyo.

Buletini zote zitunzwe, za wote, waliopita na walioanguka. Familia za Kivu zilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma na kisha Bukavu, watu wengi walitoka na kile walichoweza kubeba kichwani. Mtoto aliyefika mahali pageni bila karatasi alikuwa na neno la mama yake tu la kuonyesha kwamba alikuwa darasa la nne. Aliyekuwa na buletini ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo, alikuwa na kitu cha kumwekea mkurugenzi mezani.

Mfuko huo wa plastiki ni bei ndogo sana. Jioni ya tarehe 2, poda ikiisha kuoshwa na wageni wakiisha kwenda, buletini itiwe humo bila kukunjwa, ya mwaka huu juu ya ile ya mwaka jana, na mfuko ufungwe na kuning'inizwa mahali ambapo panya hafiki wala paa halivuji. Mwezi wa tisa, siku ya kuandikisha, ndiyo karatasi ya kwanza itakayoulizwa.